Mzigo Uliomo Katika Lita ya Maziwa

Maziwa yanayouzwa mjini hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye kikombe cha chai: mfugaji, kibarua anayekata majani, mtaalamu wa uhimilishaji, mwendesha bodaboda mwenye mikebe, kituo cha kukusanyia, lori la tangi, kiwanda, duka. Kila mkono huacha alama yake hewani, ardhini na majini, lakini alama hizo hazilingani hata kidogo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilipofanya hesabu ya sekta ya maziwa duniani mwaka 2010, lilikuta kwamba kwa wastani asilimia 93 ya gesi joto za maziwa hutoka kabla hayajavuka lango la shamba. Katika nchi zinazoendelea sehemu hiyo ilikuwa kati ya asilimia 90 na 99. Malori, boila, majokofu na pakiti, yaani vitu ambavyo mteja huviona kwa macho, hugawana hicho kidogo kinachobaki.

Hesabu hii inapaswa kutangulia kila mpango wa kupunguza madhara ya maziwa kwa mazingira Afrika Mashariki. Paneli za jua juu ya paa la kiwanda zina faida yake, na pakiti inayooza ina faida yake pia. Kazi kubwa, hata hivyo, iko kwenye kihori cha ng'ombe.

Ng'ombe hawezi peke yake kumeng'enya nyuzinyuzi za majani. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wasiohesabika walio katika tumbo lake la kwanza, ambalo ni kama pipa la pombe ya kienyeji: majani huchachuka humo usiku na mchana. Uchachu huo hutoa hidrojeni, na kundi mojawapo la vijidudu huichukua, likaiunganisha na kaboni dioksidi na kutengeneza methani. Karibu methani yote hutoka kwa mdomo, ng'ombe anapopiga mbweu huku akicheua kivulini. Gesi hii haikai hewani kwa karne nyingi kama kaboni dioksidi. Huvunjika baada ya miaka kumi na kitu. Lakini ikiwa hewani hunasa joto kwa nguvu kubwa. Kilo kwa kilo, athari yake katika kipindi cha miaka 100 ni mara 27 hivi ya ile ya kaboni dioksidi, na katika miaka 20 ya mwanzo huzidi mara 80.

Kwa mfugaji, gesi hiyo ni hasara hata kama hajawahi kusikia habari za tabianchi. Kiasi cha asilimia 6 ya nishati iliyomo katika chakula cha ng'ombe hupotea kwa njia hii. Ni majani yaliyokatwa kwa jasho na pumba zilizonunuliwa kwa fedha, vikayeyuka hewani bila kuwa maziwa wala nyama. Hapo ndipo masilahi ya mazingira na ya mwenye ng'ombe yanapokutana, na bila kukutana huko hakuna mpango wa mazingira utakaodumu kijijini baada ya mfadhili kuondoka.

Kenya ni mfano mzuri wa kuchunguza, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa yake hutoka kwa wafugaji wadogo wenye ng'ombe wawili, watatu, watano. Utafiti wa FAO uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kilo moja ya maziwa ya Kenya hubeba wastani wa kilo 3.8 za gesi joto, zote zikigeuzwa kuwa kipimo cha kaboni dioksidi. Wastani wa dunia kwa mwaka 2015 ulikuwa kilo 2.5. Linalofundisha zaidi ni tofauti iliyopo ndani ya Kenya yenyewe: kwa ng'ombe wanaolishwa bandani na kutunzwa vizuri makadirio yalikuwa kilo 2.1, kwa wale wanaochungwa na kuongezewa chakula nyumbani kilo 4.1, na kwa wanaotegemea malisho ya wazi peke yake kilo 7.1.

Tofauti hiyo haitokani na ng'ombe wa bandani kutotoa gesi. Kila siku hutoa nyingi, pengine kuliko mwenzake wa machungani. Ila chakula cha kwanza anachokula ng'ombe yeyote huenda kwenye kuuweka mwili hai: kupumua, kutembea, kuweka joto. Maziwa hutoka kwenye ziada. Ng'ombe wawili wanaotoa lita tano kila mmoja wana miili miwili ya kulishwa. Mmoja anayetoa lita kumi ana mmoja tu. Gesi ya mwili usiozalisha hugawanywa kwa lita chache, na kila lita hubeba mzigo mzito.

Takwimu hizi zisitumiwe kumhukumu mfugaji wa kuhamahama. Ng'ombe wa Mmaasai au wa Msamburu si mashine ya maziwa peke yake. Ni nyama, ni akiba ya siku ya ukame, ni mahari, na hula majani ya nyika ambako mahindi hayaoti. Kumpima kwa lita tu ni kumdhulumu, na sera inayotaka kumwondoa nyikani kwa kisingizio cha kilo 7.1 itakuwa imeisoma hesabu vibaya. Somo la takwimu hizi linawahusu hasa wale ambao tayari wanafuga kwa ajili ya kuuza maziwa: nyanda za juu za Kenya, Kilimanjaro, Arusha, Tanga, Mbarara, na vilima vya Rwanda ambako mpango wa Girinka umekuwa ukizigawia familia maskini ng'ombe tangu 2006.

Katika maeneo haya chakula kikuu cha ng'ombe ni nyasi za nepia, au mabingobingo. Nyasi hizi zinapofika urefu wa mita moja hivi, baada ya wiki sita hadi nane, huwa na majani mengi laini na protini ya kutosha. Zikiachwa mpaka zimpite mtu kimo, shina hukomaa, protini hushuka, na ng'ombe hutafuna siku nzima apate kidogo. Wafugaji wengi huziacha zirefuke kwa sababu shamba ni dogo na mzigo mkubwa unaonekana kuwa ndio mwingi. Kinachofuata ni maziwa kupungua na methani kuongezeka kwa kila lita, kwani nyuzinyuzi ngumu ndizo zinazochachuka polepole na kutoa hidrojeni nyingi. Kukata kwa wakati na kukatakata vipande vya sentimita mbili tatu, ili ng'ombe asichague majani na kuacha mabua kihorini, ni kazi isiyohitaji mkopo wa benki.

Protini inayokosekana kwenye nyasi inaweza kuoteshwa uani. Huko Embu, kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, watafiti wa kilimo mseto walishirikiana na wafugaji kupanda vichaka vya kaliandra kwenye mipaka ya mashamba na kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra hukaribia kufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani, na vichaka 500 hivi vinaweza kumpatia ng'ombe mmoja kilo sita za majani kwa siku. Mti huohuo hushikilia udongo, huwapa nyuki maua na nyumba kuni. Kando ya Ziwa Viktoria, huko Mbita, wanasayansi wa kituo cha icipe waliunda njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na kuzungusha nepia pembezoni. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua, nepia huwavuta nje ya shamba, gugu la kiduha hushindwa kuota, na mwisho wa yote mimea yote miwili huliwa na ng'ombe. Ni vigumu kupata teknolojia nyingine inayomlisha mtu na mfugo kutoka robo eka ileile.

Kiangazi ndicho huharibu hesabu. Mwezi wa nne ng'ombe anakamuliwa lita kumi, mwezi wa tisa lita nne, lakini mwili ni uleule na mbweu ni zilezile. Sileji huziba pengo hilo: mahindi au nepia hukatwa yakiwa bado na maji, hushindiliwa ndani ya mfuko wa nailoni au shimo lililotandikwa hadi hewa yote itoke, kisha hufungwa kwa mwezi mmoja au zaidi. Kosa la kawaida ni kushindilia kwa haraka haraka; hewa ikibaki, ukungu huingia na chakula chote huoza. Kuhusu vyakula vya dukani, mashudu ya alizeti na ya pamba husafiri kutoka Tanzania na Uganda hadi Kenya, na mzigo wa gesi wa safari hiyo ni mdogo ukilinganishwa na faida yake. Soya inahitaji uangalifu zaidi: ikiwa imelimwa kwenye msitu uliofyekwa, maziwa yanaweza kuonekana safi shambani huku deni lake likiwa limeachwa nchi nyingine.

Halafu kuna maji. Ng'ombe anayekamuliwa huhitaji lita nne hadi tano za maji kwa kila lita ya maziwa, juu ya mahitaji yake ya kawaida. Anayenyweshwa mara mbili kwa siku kwa ndoo hutoa maziwa pungufu kuliko yule ambaye maji yako mbele yake saa zote. Tangi la kuvuna mvua ya paa la banda linastahili kuhesabiwa miongoni mwa hatua za tabianchi, ingawa ni nadra kutajwa hivyo.

Sehemu nyingine ya mzigo huwa kwenye siku ambazo ng'ombe anakula bila kukamuliwa. Mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu amepiga mbweu mwaka mzima na zaidi kuliko yule aliyezaa akiwa na miaka miwili, na hajatoa hata kikombe. Ng'ombe mzima naye hupata joto kila baada ya siku 21 hivi. Dalili hudumu saa chache tu: anasimama na kukubali kupandwa na wenzake, ute mwangavu unaning'inia, anakula kidogo, analia. Kwa kawaida aliyeonekana asubuhi huhimilishwa jioni, na wa jioni huhimilishwa asubuhi ya kesho yake. Kijana wa zizi asipofundishwa kuzitazama dalili hizo, au mtaalamu akichelewa kwa sababu barabara ni tope, wiki tatu nyingine za chakula na gesi zimekwenda bure.

Vifo vya ndama navyo huingia humuhumu. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, imewamaliza ndama wengi wa kisasa katika ukanda huu. Chanjo yake ilitokana na kazi iliyofanywa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970: ng'ombe huchomwa vimelea hai vya ugonjwa pamoja na antibiotiki ya muda mrefu, akaugua kidogo na kubaki na kinga. Inahitaji kuhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika, jambo linaloipandisha bei na kuiweka mbali na vijiji. Ndama anayekufa ameshakula, mama yake alishabeba mimba miezi tisa, na gesi yote ya miezi hiyo hubebeshwa maziwa ya wale waliobaki.

Ulaya na Marekani mjadala umeelekea kwingine, kwenye viongezo vya chakula. Kiongezo cha 3-NOP, kilichoidhinishwa Umoja wa Ulaya mwaka 2022 na Marekani 2024, hupunguza methani ya ng'ombe wa maziwa kwa kiasi cha asilimia 30. Kinapaswa kuliwa kila siku kikiwa kimechanganywa sawasawa kwenye lishe, sharti linaloyafaa mabanda makubwa yenye mashine za kuchanganyia. Mwani mwekundu wa aina ya Asparagopsis nao huzuia methani. Sio mwani unaolimwa Paje na Jambiani, ambao ni wa jamii nyingine na hulimwa kwa ajili ya karajinani, kigandishi cha vyakula, kwa hiyo wakulima wa Zanzibar wasiahidiwe soko ambalo zao lao haliwezi kulihudumia. Kwa ng'ombe wa lita tano, kiongezo cha bei ghali kitaleta nafuu ndogo kuliko majani bora. Kijae kihori kwanza.

Kuna hatari moja ambayo watetezi wa maziwa mengi kwa kila ng'ombe hupenda kuiruka. Kati ya 2005 na 2015, kwa mujibu wa FAO, gesi kwa kila kilo ya maziwa duniani ilipungua kwa asilimia 11, lakini gesi yote ya sekta ya maziwa iliongezeka kwa asilimia 18, kwa sababu uzalishaji ulipanda kwa asilimia 30. Mfugaji anayepata faida kwa ng'ombe mmoja hununua wa pili, na hakuna wa kumlaumu. Mzigo wa jumla hupungua pale tu ambapo ng'ombe bora wanachukua nafasi ya wasiozalisha. Ili hilo litokee kunahitajika soko la uhakika la kuuza ng'ombe mzee na ndume, na bima au akiba ya fedha itakayomwezesha mtu kuacha kuweka mali yake katika idadi ya mikia.

Samadi ni suala linalobadilika kulingana na namna inavyotunzwa. Kinyesi kikavu kilichorundikwa hutoa methani kidogo sana. Kinyesi hichohicho kikisukumwa kwa maji hadi kwenye shimo hukosa hewa, na methani huanza kububujika. Banda la kisasa lenye sakafu ya saruji inayooshwa kila asubuhi linaweza hivyo kuongeza gesi bila mwenyewe kujua. Mtambo wa biogesi hutatua tatizo hili kwa kuinasa gesi na kuipeleka jikoni. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kilianza katika miaka ya 1980 kusambaza muundo wa kuba lililojengwa chini ya ardhi kwa matofali, na muundo huo ukavuka mipaka ya Tanzania. Kinyesi cha ng'ombe wawili au watatu wa bandani, kikichanganywa na maji kwa kiasi sawa, kinatosha kupikia familia. Mama hapuliziwi tena moshi, miti haikatwi, na tope linalotoka upande wa pili ni mbolea inayorudi kwenye nepia na kupunguza mifuko ya mbolea ya viwandani. Lakini kuba lenye ufa huvujisha methani, na mtambo ulioachwa kwa sababu hakuna fundi wa kuurekebisha ni hasara kubwa kuliko rundo la samadi kavu. Mradi wa biogesi usiolipia mafundi wa miaka kumi ijayo haujakamilika.

Maziwa yakishakamuliwa, adui ni muda. Hutoka kiweleni yakiwa na joto la mwili, na katika joto hilo bakteria huongezeka maradufu kila nusu saa hivi. Kanuni njema ni kuyapoza hadi nyuzi 4 ndani ya saa mbili. Kituoni karani huyanusa, huyapima kwa laktomita kuona kama yameongezwa maji, kisha huchanganya kiasi kidogo na alkoholi ya kiasi kilekile ndani ya kibomba cha kioo. Yakiganda, mkebe mzima hurudishwa. Gesi ya kuyazalisha maziwa hayo imeshatoka. Kilichobaki ni kumwagwa. Maziwa ya jioni huumia zaidi, maana vituo vingi hukusanya asubuhi tu.

Ndiyo maana tangi la kupozea lililo karibu na wafugaji lina thamani kubwa kuliko umeme linaoutumia. Mradi wa EADD ulioanza mwaka 2008 Kenya, Uganda na Rwanda ulijengwa juu ya wazo hilo: wafugaji wamiliki kituo chenye tangi, na huduma za chakula, mifugo na mikopo zikusanyike hapohapo. Mkoani Tanga, vyama vya msingi viliungana katika miaka ya 1990 chini ya ushirika wa TDCU, ambao una hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh. Nchini Kenya takribani asilimia 90 ya umeme wa gridi hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, kwa hiyo kupoza kwa umeme huo hakuna deni kubwa. Deni liko kwenye jenereta ya dizeli inayowashwa umeme ukikatika. Barafu inayotengenezwa mchana kwa nguvu ya jua huweza kuchukua nafasi yake katika vituo vidogo. Gesi iliyomo ndani ya mitambo ya kupozea nayo ina nguvu kubwa ya kunasa joto, na kupunguzwa kwake kulikubaliwa na mataifa jijini Kigali Oktoba 2016; matangi mapya yanunuliwe kwa kuzingatia makubaliano hayo.

Kiwandani, maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache yakitakiwa kukaa muda mrefu. Mashine nzuri huyafanya maziwa ya moto yanayotoka kuyapasha maziwa baridi yanayoingia, na sehemu kubwa ya joto hurudi kazini. Jambo linaloumiza mazingira ya karibu ni maji machafu. Mabaki ya maziwa yakiingia mtoni, bakteria huyala na kumaliza oksijeni, na samaki hufa. Whei, yaani maji yanayobaki jibini ikitengenezwa, ina madhara hayohayo, ilhali ni chakula kizuri cha nguruwe na ndama.

Pakiti haina uzito mkubwa katika hesabu ya gesi, lakini ndiyo inayoziba mitaro. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, ila pakiti laini za maziwa ziliachwa. Boksi la maziwa ya muda mrefu halihitaji jokofu, lakini limeshikanishwa kwa karatasi, plastiki na alumini, na kulitenganisha ni kazi ya mitambo maalumu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka inamtaka mzalishaji awajibike kwa pakiti zake hata baada ya kuuza. Mashine za maziwa zilizoenea mijini, ambapo mteja huja na chupa yake na kuweka shilingi anazotaka, zimeondoa pakiti nyingi bila amri ya mtu. Zinahitaji tu kuoshwa na kukaguliwa kwa ukali zaidi.

Yote haya yana gharama, na mfugaji anayelipwa kwa lita peke yake hana sababu ya kuibeba. Bei ikifuata ubora, yaani mafuta, idadi ya bakteria na kutokuwepo kwa dawa, mkebe safi wa alumini na kituo cha karibu vinajilipa. Fedha za kaboni zinaweza kuongeza kitu, mradi zimfikie mwenye zizi na si kuishia kwa madalali. Kupima si kitendawili tena: Kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi kina vyumba maalumu vya kupimia pumzi ya ng'ombe wa Afrika, na Kenya imeanza kutumia takwimu za ng'ombe wake wa maziwa badala ya wastani wa jumla uliotoka nje. Vyama vya ushirika tayari huandika lita za kila mwanachama kila siku. Daftari hilo likiongezewa idadi ya ng'ombe, tarehe za kuzaa na aina ya malisho, chama kinaweza kukadiria gesi ya kila lita bila kifaa chochote cha kigeni, kikaketi mezani na kiwanda au mnunuzi wa kaboni kikiwa na hesabu yake chenyewe.